Kwa nini Marekani na China zilipandishiana ushuru kupita asilimia 100, kisha zikaushusha kwa kiasi kilekile?

Mwalimu wa Moro

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ninafundisha somo la Uchumi kidato cha tano na cha sita, na nimekwama mahali ambapo sipendi kuwaachia wanafunzi jibu la kubahatisha. Vitabu tulivyo navyo vinaishia kwenye maelezo ya jumla kuhusu ushuru na ukomo wa uagizaji, kwa hiyo nilichukua mgogoro wa kibiashara wa Marekani na China kuwa mfano wetu wa muhula. Niliwaandikia ubaoni mtiririko wa mwaka 2025: tarehe 4 Februari Marekani iliongeza asilimia 10 kwa bidhaa za China, tarehe 4 Machi ikafikisha asilimia 20, tarehe 2 Aprili ikatangaza asilimia 34 nyingine, na baada ya siku chache za kujibizana nyongeza za mwaka huo zikafika asilimia 145 upande wa Marekani na asilimia 125 upande wa China. Tarehe 12 Mei, baada ya wajumbe kukutana Geneva, ikatangazwa kwamba viwango hivyo vinashushwa hadi asilimia 30 na asilimia 10 kwa siku 90.

Binti mmoja anayekaa dawati la mbele alifanya hesabu kwenye daftari lake, kisha akasimama. Akasema: "Mwalimu, 145 kutoa 30 ni 115, na 125 kutoa 10 ni 115. Wameshusha sawasawa. Lakini mwaka 2024 Marekani iliagiza kutoka China bidhaa za dola bilioni 439 hivi, na ikauza huko za bilioni 144 tu. Anayeuza zaidi si ndiye mwenye cha kupoteza zaidi? Inakuwaje wanaachiana kama watu waliolingana nguvu?"

Nilimjibu kwa maneno mengi, lakini nilirudi nyumbani nikijua kwamba sikumjibu. Naomba mnisaidie mtu yeyote aliye karibu na mambo haya: ushuru huu hulipwa na nani hasa, na nguvu ya kila upande inatoka wapi ikiwa haitokani na ukubwa wa mauzo?

Wakala_Kurasini

Salamu, Mwalimu. Niseme kuhusu anayelipa, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku ya uwakala wa forodha, na kwa sababu hapo ndipo hata viongozi wakubwa wa dunia wamekuwa wakiwapotosha wananchi wao.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anapoleta kontena la vigae kutoka Foshan, China, mimi ndiye ninayeandaa kadhia, yaani tamko la mzigo la forodha. Naingiza msimbo wa bidhaa, naingiza thamani ya mzigo pamoja na nauli ya meli na bima, mfumo unakokotoa ushuru na kodi nyingine, na hati ya malipo inatoka kwa jina na namba ya mlipakodi ya huyohuyo mfanyabiashara wa Kariakoo. Kiwanda cha Foshan hakiioni hati hiyo, hakijui kiasi kilichoandikwa humo, na mara nyingi kilishalipwa fedha zake kabla meli haijatia nanga. Mzigo hautoki getini mpaka hati ilipwe. Marekani utaratibu ni huohuo, isipokuwa wao hukokotoa ushuru kwa thamani ya mzigo bila nauli ya baharini na bima, ilhali sisi wa Afrika Mashariki tunajumlisha vyote. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba China inailipa Marekani mabilioni ya ushuru, anasema jambo ambalo haliwezekani hata kimakaratasi, kwa kuwa anayedaiwa ni mwagizaji wa Marekani.

Baada ya kulipa, mwagizaji anaweza kumbana muuzaji ampunguzie bei, anaweza kuumia kwenye faida yake, au anaweza kupandisha bei dukani. Wachumi waliochunguza ushuru wa mwaka 2018 na 2019 walikuta kwamba bei za wauzaji wa China hazikushuka kwa kiasi cha maana, na kwamba karibu mzigo wote ulibaki mabegani mwa kampuni na wanunuzi wa Marekani.

Sasa fikiria asilimia 145. Bidhaa ya dola 100 inadaiwa dola 145 kabla haijavuka geti. Mwagizaji wa kawaida hana fedha hiyo mkononi, kwa hiyo anafuta oda, na kampuni za meli zinafuta safari za kwenda bandari za Los Angeles na Long Beach, jambo lililoanza kuonekana mwezi uleule. Kiwango hicho hakikuwa ushuru tena bali marufuku. Hata Wamarekani walilitambua mapema mno: tarehe 11 Aprili, siku mbili tu baada ya viwango vya juu kuanza kutumika, simu, kompyuta na chipu ziliondolewa kwenye sehemu kubwa ya nyongeza hiyo. Mwambie binti yako kwamba alama ya kwanza ya nani anaumia wapi ni kuangalia kila upande ulisamehe bidhaa gani kimyakimya.

Mbukavu wa Iowa

Mwalimu, mimi ni Mkongomani wa Bukavu, ninaishi Iowa tangu 2013, na kila msimu wa mavuno ninaendesha lori la nafaka. Ninaandika kwa sababu hapa ndipo China ilipolenga risasi yake, na nimeona kwa macho yangu ilivyotua.

China haikuchagua soya kwa kubahatisha. Tarehe 6 Julai 2018, siku Marekani ilipoanza kutoza asilimia 25 kwa bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 34, China ilijibu siku hiyohiyo kwa asilimia 25 yake, na soya ikawa mbele. Mwaka 2017 ilikuwa imenunua soya ya Marekani ya dola bilioni 12 hivi. Mwaka 2018 ikashuka hadi bilioni 3 hivi. Soya inalimwa katika majimbo kama haya yetu, ambako wakulima ni wapiga kura wanaosikilizwa sana Washington. Serikali ikalazimika kuwatuliza kwa ruzuku ya takriban dola bilioni 28 katika awamu mbili. Unaona jinsi fedha ilivyozunguka: mwagizaji wa Marekani alilipa ushuru, na hazina ikatoa fedha kumfidia mkulima aliyepoteza soko kwa sababu ya ushuru huohuo.

Mzee ninayemfanyia kazi hakupenda ile ruzuku hata alipoipokea. Mwaka 2025 nilimwona tena katika hali ileile. Kwa kawaida, mwezi Oktoba mashine inavuna mchana na usiku, mimi ninapeleka shehena kwenye maghala ya chuma yaliyo kando ya mto Mississippi, na matishari yanateremka na mzigo hadi karibu na New Orleans ambako meli zinapakia. Safari hii aliniambia nigeuze lori nikamwage soya kwenye ghala lake mwenyewe shambani. Alisimama mlangoni akishika punje kiganjani, akaniambia kwamba mavuno ni mazuri na hana wa kumuuzia kwa bei inayorudisha gharama ya mbolea. Kwa miezi kadhaa, tangu Mei, China haikuwa imeagiza hata meli moja ya mavuno mapya ya Marekani.

Lakini nadhani hapa pana jibu la nusu kwa mwanafunzi wako. China iliweza kukaa miezi yote hiyo bila soya yetu kwa sababu Brazil ipo. Tangu 2018 Wabrazili walipanua mashamba, njia za reli na bandari, na mteja aliyewazoea hawezi kurudi kwako kikamilifu kwa siku moja. Rais Trump na Rais Xi walipokutana Busan tarehe 30 Oktoba 2025, Marekani ilisema China imeahidi kununua tani milioni 12 kabla ya mwaka kwisha, kisha tani milioni 25 kila mwaka kwa miaka mitatu. Watu hapa walifurahi, nami nilifurahi pamoja nao. Hata hivyo mwaka 2024, kabla ya ugomvi huu mpya, China ilikuwa imenunua takriban tani milioni 27 bila ahadi yoyote. Aidha, tulishapewa ahadi kama hizi Januari 2020, China ilipotia saini kununua bidhaa na huduma za dola bilioni 200 zaidi ya kiwango cha 2017 ndani ya miaka miwili. Ilipofika mwisho, ilikuwa imefikisha zaidi kidogo ya nusu ya jumla iliyotarajiwa.

Mwalimu wa Moro

Nawashukuru sana wote wawili. Ndugu wa Iowa, umenisaidia kuona kwamba soya ilimuumiza mkulima wa Marekani lakini haikuilazimisha serikali yake, kwa sababu ruzuku ilikuwepo. Basi swali linabaki palepale: ni nini kilicholazimisha, kama si soya?

Mwamba wa Songwe

Mwalimu, jibu liko kwenye tangazo la tarehe 4 Aprili 2025, ambalo magazeti mengi ya kwetu hayakulipa uzito. Siku hiyo China ilitangaza kwamba elementi saba za madini adimu, zikiwamo disprosi, terbi na samari, pamoja na sumaku zinazotengenezwa kwazo, hazitatoka nchini bila leseni. Tangazo halikuitaja Marekani peke yake wala halikupandisha bei ya kitu chochote. Liliweka tu ofisa na muhuri katikati ya kiwanda na meli.

Mimi ni mjiolojia, kwa hiyo mnivumilie nikae hapa kidogo, kwa sababu neno "adimu" linawapoteza wengi. Madini haya hayakosekani ardhini. Hapa kwetu Songwe kuna mlima wa Ngualla; nimeshika mkononi mwamba wake uliooza kwa mvua na jua, wa rangi ya kahawia iliyoiva, mzito kuliko macho yanavyokuambia kwa sababu ya barite iliyomo, na ndani yake mna neodimi na praseodimi, elementi mbili za kundi hilo la madini adimu, za kutosha kuitwa hazina. Kuchimba si tatizo. Tatizo ni kwamba elementi hizi hukaa pamoja ndani ya jiwe na zinafanana mno kikemia, kiasi kwamba ili kuzitenganisha inabidi upitishe mchanganyiko wa asidi na kiyeyusho katika mamia ya matangi yaliyofuatana, kila tangi likisogeza usafi hatua ndogo sana, huku ukibaki na maji machafu na mara nyingine mabaki yenye mnururisho ambayo hakuna anayetaka yakae jirani na kijiji chake. Marekani ilikuwa mbele katika kazi hiyo kupitia mgodi wa Mountain Pass, California, lakini uzalishaji wake ulisimama mwaka 2002, na ulipofufuliwa baadaye madini yake yaliendelea kwa miaka kupelekwa China kusafishwa. China ilivumilia gharama, ilivumilia uchafu, ikasomesha wakemia, na leo inashika karibu asilimia 90 ya usafishaji wote duniani.

Sasa weka hilo kando ya injini ya gari. Sumaku ya neodimi ikipata joto kali hupoteza nguvu; ukiitia disprosi kidogo huvumilia. Kiasi ni kidogo sana kwa kila gari, na thamani yake haionekani katika takwimu za dola bilioni 439 ulizoziandika ubaoni. Lakini gari lisilo na sumaku hiyo halimaliziki. Mwezi Mei 2025 Ford ilisimamisha kwa wiki moja kiwanda chake cha Chicago kwa kukosa sumaku, na viwanda vya nchi nyingine, Japani na Ulaya, vililalamika vilevile. Ruzuku haisaidii hapo, kwa maana huwezi kumpa mwenye kiwanda fedha badala ya disprosi akaifunga kwenye injini.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, binti yako alipima nguvu kwa mizani isiyofaa. Aliyepoteza zaidi kwa fedha si lazima awe dhaifu zaidi. Dhaifu ni yule anayehitaji kitu ambacho hakipatikani kwa muuzaji mwingine ndani ya muda anaoweza kuvumilia. Soya ina Brazil. Disprosi iliyosafishwa, mwaka 2025, haikuwa na Brazil yake. Na msidhani China haina koo linaloshikika: tangu tarehe 7 Oktoba 2022 Marekani imezuia chipu za hali ya juu na mitambo ya kuzitengenezea, na China haijapata wa kuzifidia kikamilifu. Ndiyo maana kikao cha London cha Juni 2025 kilizungumzia leseni kuliko ushuru. Upande mmoja ulitaka sumaku. Upande mwingine ulitaka programu za kubunia chipu, gesi ya ethane na vipuri vya injini za ndege, vitu ambavyo Marekani ilikuwa imevizuia wiki chache tu kabla.

Mstaafu wa Mambo ya Nje

Nimewasoma wote kwa makini na nimefaidika. Hata hivyo naomba nimpinge kidogo kijana wa Songwe, kwa heshima, kwa sababu hoja yake ni ya kweli lakini haitoshi.

Miaka ya 1980 mshindani wa Marekani alikuwa Japani. Mwaka 1981 Japani ilikubali kujiwekea ukomo wa magari 1,680,000 kwa mwaka ya kuuza Marekani. Mwaka 1985, tarehe 22 Septemba, ilitia saini katika hoteli ya Plaza jijini New York makubaliano ambayo baadaye yalipandisha sana thamani ya yeni. Mwaka 1987 Marekani iliitoza ushuru wa asilimia 100 kwa baadhi ya bidhaa za elektroniki zenye thamani ya dola milioni 300, kwa madai kwamba imekiuka makubaliano ya chipu. Wakati huo Japani ndiyo iliyotawala soko la chipu za kumbukumbu. Ilikuwa na bidhaa ambayo Marekani iliihitaji. Mbona haikufunga bomba? Kwa sababu majeshi ya Marekani ndiyo yaliyokuwa yakiilinda, na mtu hamfungii maji anayemlindia nyumba. Wajapani walichagua kujenga viwanda huko Ohio, Kentucky na kwingineko, wakauza magari yaliyotengenezwa na mikono ya Wamarekani. China haina deni la namna hiyo kwa Washington. Bidhaa isiyo na mbadala ni silaha pale tu mwenye nayo anapokuwa huru kuitumia.

Jambo la pili ni kukosekana kwa hakimu. Shirika la Biashara Duniani lilikuwa na chombo cha rufaa, lakini Marekani ilizuia uteuzi wa majaji wapya, na tangu Desemba 2019 chombo hicho hakina uwezo wa kusikiliza shauri. Septemba 2020 jopo la shirika hilo liliamua kwamba ushuru wa Marekani wa 2018 dhidi ya China ulivunja kanuni. Marekani ikakata rufaa kwenye chombo kisichokuwepo, na shauri limening'inia mpaka leo. Nimefanya kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao kwa miaka mingi, na nawaambieni kwamba vikao visivyo na hakimu nyuma yake huwa na sura moja: hufanyika ugenini, Geneva, London, Stockholm, Madrid, Kuala Lumpur, ili asionekane aliyemfuata mwenzake nyumbani, na makubaliano yake huandikwa kwa siku 90 au kwa mwaka, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba yatamfunga mwenzake zaidi ya hapo. Kushusha kwa pointi 115 kila upande, ambako binti alikugundua vizuri, ni lugha ya kidiplomasia. Tarakimu zililinganishwa makusudi ili kila mjumbe arudi nyumbani bila aibu.

Mwamba wa Songwe

Mzee, shikamoo. Nakubali kuhusu Japani, na niongeze kwamba Japani hiyohiyo ndiyo iliyotutangulia kuonja. Septemba 2010, baada ya mashua ya uvuvi ya China kugongana na meli za walinzi wa pwani wa Japani karibu na visiwa vya Senkaku, shehena za madini adimu kwenda Japani zilikwama. Mwaka uliofuata Wajapani waliingiza dola milioni 250 katika kampuni ya Lynas ya Australia, na utegemezi wao kwa China ukashuka kutoka karibu asilimia 90 hadi karibu 60. Imewachukua zaidi ya miaka kumi, na bado ni 60. Marekani imeanza njia hiyo Julai 2025, wizara yake ya ulinzi ilipoweka dola milioni 400 katika kampuni inayoendesha Mountain Pass na kuihakikishia bei isiyoshuka chini ya dola 110 kwa kilo. Kwa hiyo ninayaona makubaliano haya ya muda kuwa ni manunuzi ya muda wenyewe: mmoja anajenga viwanda vya kusafisha, mwingine anajenga viwanda vya chipu.

Na kwa kuwa mmoja wenu ataniuliza kuhusu Ngualla: kampuni ya Australia iliyokuwa na mradi huo iliwahi kupanga kusafishia madini yetu Teesside, Uingereza. Mpango huo haukutimia, na mwaka 2025 kampuni hiyo ilinunuliwa na Shenghe ya China, ingawa kulikuwa na mnunuzi kutoka Marekani aliyejitokeza na dau lake. Linaniuma kusema, lakini mimi naishi chini ya mlima huo na sijasikia mtu akijadili kama matangi ya kutenganishia yanaweza kujengwa Tanzania.

Mwalimu wa Moro

Shukrani zisizo na kifani. Kesho nitaanza kipindi kwa kadhia ya vigae, kisha soya, kisha sumaku, na nitampa binti yule nafasi ya kueleza mwenyewe kwa nini 115 na 115 haziko sawa. Naomba uhakika wa jambo moja nisije nikakosea mbele yao: mkutano wa Busan uliziondoa zile leseni za madini adimu, au la?

Mstaafu wa Mambo ya Nje

Hapana, Mwalimu, na hilo ulisisitize. Tarehe 9 Oktoba 2025 China ilitangaza masharti mapana zaidi, yaliyogusa hata bidhaa zilizotengenezwa nje ya China kwa madini yake; Rais Trump akajibu kwa kutishia asilimia 100 zaidi kuanzia tarehe 1 Novemba. Masharti hayo ya Oktoba ndiyo yaliyosimamishwa Busan, nayo yalisimamishwa hadi tarehe 10 Novemba 2026 tu, na tishio la Rais Trump halikutekelezwa. Marekani kwa upande wake ilipunguza kutoka asilimia 20 hadi 10 ule ushuru wa Februari na Machi uliohusishwa na dawa ya kulevya ya fentanili. Masharti ya tarehe 4 Aprili, yale ya elementi saba, hayakufutwa. Kiwanda kinachotaka disprosi bado kinajaza fomu na kusubiri muhuri wa Beijing.